Nati Hailegei Yenyewe

12 Februari 1993

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku tupo, tunasukuma siku. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo mzima, anakusalimia wewe na Mama Mdogo. Mimi niko na cherehani yangu pale barazani. Msimu huu ni sare za shule, nimeshona buluu mpaka nikifumba macho naona buluu. Baba hajambo.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu siku ile uliposhuka na begi lako ukakuta Bibi ameshazikwa, ukageuka hapo hapo bila hata kunywa maji, hakuna aliyethubutu kukuandikia. Hata mimi, na unanijua mimi mdomo wangu. Ila kuna jambo la kikazi, na kwa kazi hii sina mwingine wa kumuuliza.

Ni Kichwa Wazi. Unalikumbuka, au unajifanya umesahau? Lile gari la paa la turubai mlilolitoa kwenye vyuma chakavu enzi za gereji yenu, Baba akanyoosha bodi na kulipaka rangi, wewe ukatandika nyaya upya kuanzia taa za mbele mpaka buti. Lilikuwa bandani miaka yote hii, limefunikwa. Sasa Baba ameamka nalo. Anataka litembee, paa limefunguliwa, yeye amekaa mbele. Fundi wa injini amekuja, injini inanguruma vizuri tu. Ugonjwa uko kwenye umeme. Tukichaji betri jioni, asubuhi imekufa. Mafundi umeme wa mtaani wanafungua boneti, wanaona nyaya zako zote ni nyekundu, nyekundu tupu mwanzo mwisho, wanafunga boneti na kutuaga. Mmoja aliniuliza kama aliyezitandika alikuwa mzima wa akili. Nikamwambia ni wa familia, asiendelee.

Baba amesema nikuandikie nikuulize habari za gari tu. "Gari tu," akarudia, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia. Basi nimeuliza gari tu.

Mwanao wa cherehani


9 Machi 1993

Bi Mdomo,

Marahaba mwanangu. Barua yako ililala ofisini kwenye yadi, chini ya chupa ya chai ya karani, mpaka alipoinua chupa ndipo jina langu likaonekana. Tuko wazima. Mama Mdogo wako ameanza kufuga kuku, na sasa kuku ndio wanaotufuga sisi. Mimi bado ni yule yule wa malori ya kiwanda. Panya wanatafuna nyaya, mimi naunga, wanatafuna tena. Nikistaafu panya watanililia.

Msalimie mama yako sana. Kaka yangu usimsalimie. Akitaka salamu, anajua kalamu inauzwa wapi.

Gari halijanikosea kitu, kwa hiyo tuongee gari. Huyo fundi aliyeuliza akili yangu mwambie rangi za nyaya ni za watu wasiojua wanakokwenda. Nilikuwa na rola moja la waya mwekundu, nikalimaliza. Kila waya ulipopita naujua.

Betri kufa usiku maana yake kuna kitu kinakula umeme wakati ninyi mmelala. Tafuta balbu ndogo ya taa ya nyuma, ifunge nyaya mbili. Hiyo ndiyo taa yako ya kupimia, wala usinunue kifaa. Zima kila kitu. Toa waya wa bodi kwenye betri, ule wa hasi, kisha weka balbu yako katikati: upande mmoja kwenye nguzo ya betri, wa pili kwenye waya ulioutoa. Gari likiwa zima kabisa, balbu isiwake. Ikiwaka, mwizi yuko ndani. Hapo chomoa fyuzi moja moja, ziko chache, gari la zamani halina mambo mengi. Ukichomoa moja na balbu ikazimika, mwizi wako anaishi kwenye njia ya fyuzi hiyo. Usichomoe zote kwa pamoja ukazichanganya kwenye kanga. Nakujua.

Na milango ifungwe wakati wa kupima.

Nilisema sitaandika zaidi ya gari, lakini mbona umeandika "Baba hajambo" ukaishia hapo? Mama yako umemwandikia mpaka magoti.

Baba yako mdogo


30 Machi 1993

Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Mama anasema kuku wa Mama Mdogo wakizidi atume wawili. Anasema utani lakini hatanii.

Nimepima. Kwanza balbu iliwaka, nikachomoa fyuzi moja, ikazimika, nikashangilia, nikamwita Baba aje aone. Akaja taratibu, akatazama, akasema, "Umeacha mlango wazi. Hiyo ni taa ya ndani." Niliona aibu mpaka nikajicheka. Uliniandikia kabisa milango ifungwe! Nikafunga, nikarudia. Balbu ikawaka tena, hafifu. Fyuzi ya mwisho ndiyo iliyoizima. Tukafuata ule waya wako mwekundu kati ya nyekundu wenzake mpaka kwenye buti. Kumbe taa ya buti haizimiki hata buti likifungwa, kile kitufe chake kimeganda. Nimetoa balbu. Betri sasa inaamka na sisi.

Baba anakaa kwenye kiti cha mbao mlangoni pa banda akinitazama. Hashiki spana. Mara moja alitaka kunishikia tochi, akaishika muda mfupi, akasema jua linatosha. Anakula kidogo, ila anakula.

Sasa paa. Swichi ukibonyeza, mota inalia, turubai linanyanyuka mpaka katikati halafu linasimama hapo, halipandi wala halishuki. Jana mvua ilitaka kunyesha gari likiwa na mdomo wazi uani. Nimelifunika kwa vitambaa vya sare za watu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Nimemuuliza Baba kama nikuombe uje mwenyewe. Akasema, "Ana kazi yule." Nimekuandikia kama alivyosema. Sijaongeza.

Wako wa cherehani


22 Aprili 1993

Bi Mdomo,

Marahaba. Nimecheka peke yangu hapa yadi, wakadhani nimepata habari ya kustaafu. Taa ya ndani! Hata mimi lilinipata nikiwa mwanafunzi, na kaka yangu ndiye aliyenicheka wakati ule. Kumbe bado anakumbuka.

Paa kusimama katikati ni njaa ya umeme. Mota ile inataka mlo mkubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, ukiacha starta. Kwanza usiifanyishe mota kazi injini ikiwa imezimwa, unaichosha betri bure. Kama hata injini ikiwaka bado linasimama, nenda nyuma ya kiti cha nyuma. Toa mto wa kiti, utaona kwenye bodi kuna nati moja na waya mnene umefungwa hapo. Huo ndio waya wa bodi wa mota. Umeme ukishafanya kazi lazima urudi kwenye betri, na hapo ndipo unaporudia. Turubai likivuja, maji yanadondokea hapo hapo. Tia taa yako ya kupimia kati ya waya wa moto wa mota na ile nati, mtu mwingine akibonyeza swichi. Kisha irudie kwa kugusa bodi mahali pasafi. Nati ikikupa mwanga hafifu na bodi ikakupa mwanga mzuri, ugonjwa ni kutu. Fungua nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, pale kwenye bodi na kwenye kichwa cha waya vilevile, rudisha, kaza, paka grisi. Kuna washa ya meno chini ya nati, kile kipete cha chuma, usiitupe. Niliiweka kwa makusudi, inaing'ata nati isilegee hata gari likitikiswa miaka.

Mengine. Umeniandikia kwamba ulimuuliza kama nije, akasema nina kazi. Ni kweli nina kazi. Hata siku ile nilikuwa na kazi. Nililetewa ujumbe kwamba mama anaumwa sana, nikaacha lori limefumuliwa, nikasafiri kwenye mvua, barabara imekatika, tukashuka tukasukuma basi. Nikafika nikakuta watu wanaosha masufuria. Kaka yangu mmoja, mama yangu mmoja, na hakuona sababu ya kunisubiri. Sijamwomba kitu kikubwa maishani. Nilitaka aseme tu, "Mdogo wangu, nilikosea." Hajasema. Sasa ananitumia gari liseme nini?

Sitakuja. Ila maswali ya gari yalete.

Baba yako mdogo


3 Juni 1993

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu, si kwa kupenda. Tulikuwa na safari za huku na kule na Baba, mambo ya kawaida.

Waya wa bodi ulikuwa na kutu kama ulivyosema. Nimepiga msasa mpaka vidole vikachubuka, nimekaza, nimepaka grisi. Paa likafunguka mpaka mwisho! Baba alipiga makofi kule kwenye kiti chake. Nikasema nikikuandikia nitakushukuru na tumemaliza.

Hatujamaliza. Wiki iliyofuata paa likasimama tena katikati. Nikatoa mto wa kiti, nati imelegea, inazunguka kwa vidole. Washa yako ya meno ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu. Nikakaza. Baada ya siku chache taa za mbele zikawa zinafifia kila nikiwasha indiketa. Nikakuta waya wa bodi wa mbele nao umelegea. Nikakaza. Juzi ndiyo ilinitisha. Nimewasha taa, moshi mweupe ukatoka chini ya dashibodi, harufu ya plastiki. Nikarukia betri nikang'oa waya. Nikafungua boksi la fyuzi, nikakuta fyuzi moja imeshaungua, halafu imevishwa karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, imekunjwa vizuri kabisa. Waya wake umeyeyuka ganda mahali.

Nani ameiweka hiyo karatasi sijui. Wakati napima betri nilizitoa fyuzi zote, haikuwepo. Baba hajavuta sigara tangu mwaka juzi.

Gari hili limelogwa au nini? Niambie la kufanya. Mwenzio nimechoka.

Wako


15 Juni 1993

Mwanangu,

Leo sitanii.

Kwanza gari. Usiwashe chochote. Toa ule waya ulioyeyuka wote, usiufunge gundi, weka mpya wa unene ule ule. Fyuzi weka ya kweli, ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko. Fyuzi kazi yake ni kufa ili waya usife. Ukiivisha karatasi umeinyima kufa, na moto utatafuta kwingine.

Sasa nisikilize. Nati ile hailegei yenyewe. Nimetandika nyaya kwenye magari nisiyoweza kuyahesabu, na nati yenye washa ya meno nimeikuta imelegea pale tu mtu alipoilegeza kwa spana. Ziwe mbili, nyuma na mbele, mwezi mmoja? Hapana.

Na ile karatasi ya sigara. Maishani mwangu nimemfahamu mtu mmoja tu anayeivisha fyuzi hivyo, pembe zimeingizwa ndani vizuri kama anafunga zawadi. Tuligombana naye kwa hilo kila siku gerejini. Nilimwambia, "Kaka, wewe nyoosha bodi, umeme niachie mimi." Akasema, "Inafanya kazi, kelele za nini?" Nikifungua gari na kuikuta nilikuwa nafoka mtaa mzima unasikia, naacha kazi yangu yote, nakwenda kuirekebisha. Kila mara. Alikuwa anajua nitakwenda.

Huyo ni kaka yangu. Anaharibu gari usiku na wewe unalitengeneza mchana. Hata sigara ameacha, ina maana amekwenda kuomba karatasi kwa mtu.

Usimuulize. Wewe nijibu. Barua zako zote umeandika anakula kidogo, anakaa kwenye kiti, hashiki spana, tochi imemshinda, safari za huku na kule. Safari za wapi? Kaka yangu anaumwa nini?

Baba yako mdogo


24 Juni 1993

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Alinikataza. Aliniambia nikiandika anaumwa, utakuja kwa kumhurumia, naye hataki huruma yako. Nimekaa na siri hiyo tangu Februari, imenila.

Ni ini. Tulipita hospitali zote zinazofikika. Daktari wa mwisho alikuwa mpole, akasema turudi naye nyumbani, ale anachopenda, akae na watu wake. Basi anakaa kwenye kile kiti mlangoni pa banda. Mama anajifanya hajui, analia jikoni huku akigonga sufuria ili tusimsikie.

Baada ya barua yako nilikaa macho wazi. Kweli, nilimwona. Si usiku kama unavyodhani. Mchana, nikiwa na wateja barazani. Alikuwa ndani ya gari, amelalia kiti cha nyuma, anahema, spana mikononi, anajaribu kufungua nati niliyoikaza. Mikono haina nguvu tena, imemshinda. Nikamwita, akashtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nikamwambia, "Baba, ungetuunguza." Akasema, "Mwandikie. Mwambie limeharibika sana safari hii." Nikamwambia si umwandikie wewe umwombe aje. Akasema, "Nitamwombaje, na mimi ndiye niliyemkosea?"

Nimekupa neno lake. Amelisema kwangu, hajalisema kwako, lakini amelisema.

Njoo. Yeye hakuiti, mimi ndiye ninayekuita. Usinijibu kwa barua.

Mwanao


10 Agosti 1993

Mwanangu Bi Mdomo,

Nimerudi kwangu salama. Mama Mdogo anashukuru kwa gauni, limemkaa vizuri, amelivaa kwenda kulisha kuku.

Najua umenikasirikia. Wakati naondoka ulinishika mkono ukautupa. Una haki.

Njia nzima nikija huko nilikuwa napanga maneno. Nilijiambia nikifika nitamkalia mbele nimwambie, "Kaka, uliniumiza, lakini yaishe." Nilikuwa nayo mdomoni. Nikashuka, nikaingia uani, nikamwona kwenye kile kiti, mwembamba, kola ya shati imemzidi shingo. Unajua aliniambia nini? "Betri nimeagiza ihamishiwe upande wa kulia." Na mimi unajua nilijibu nini? "Nani amekuruhusu?" Basi. Tukaanza hapo, hatukutoka tena.

Nimetandika waya ule upya, yeye amenishikia kopo la nati mapajani. Tumebishana kuhusu relei. Tumebishana kuhusu honi. Siku tuliyolitoa barabarani, wewe unaendesha, paa wazi, yeye mbele na mimi nyuma, upepo unampiga kichwani, akageuka akanitazama. Macho yamejaa maji. Nikasema moyoni sasa, sasa ndiyo anasema, na asiposema yeye nitasema mimi. Akasema, "Mota haipigi kelele tena." Nikasema, "Nimeitia grisi." Mungu wangu, nimeitia grisi! Ndilo neno nililompa kaka yangu.

Nilikuwa nangoja aanze yeye kwa sababu yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye aliyekosea. Naye labda alikuwa anangoja niulize. Gari likapona, hatukuwa na kitu kingine cha kushika, nikaogopa. Ile habari kwamba yadi wananihitaji nilidanganya. Hakuna aliyenihitaji. Karani alishangaa kuniona.

Ninajuta mwanangu. Najuta kila nikishika bisibisi. Nimeomba ruhusa ya mwisho wa mwezi, nitakuja tena, na safari hii nakuja bila sanduku la vifaa. Nikiliacha hapa sitakuwa na pa kujificha. Usimwambie ninayokuja kusema. Mwambie nakuja tu.

Mwambie pia namsalimia.

Baba yako mdogo


27 Agosti 1993

Baba Mdogo,

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao, yule jirani yetu mwenye kofia. Ukimaliza kuisoma panda naye, anageuza hapo hapo kurudi. Nimemwambia asikuache hata ukisema una kazi.

Baba ametutoka leo alfajiri. Hakusumbuka. Mama alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa.

Barua yako ya tarehe kumi ilifika wiki iliyopita. Nilimpa salamu zako. Alitabasamu siku ile nzima, akamwambia kila aliyekuja kumwona, "Mdogo wangu amenisalimia." Nikamwambia pia unakuja mwisho wa mwezi. Akaanza kuuliza leo ni tarehe ngapi.

Jana alikuwa na akili zake zote. Nikashindwa kujizuia, unanijua. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukumsubiri kumzika Bibi?" Akasema siku ile watu walikuwa wamejaa uani, wamekaa wanamwangalia, kila mmoja anamwambia barabara imekatika, mdogo wako hafiki leo wala kesho, tunangoja nini? Akasema alikuwa amechoka, alitaka tu watu waache kumwangalia. Akasema haya basi, tuzike. Na ile jioni ulipoingia na begi, akaona umelowa mpaka magoti, akajua kumbe ulikuwa njiani, na tangu hapo hakuweza kukutazama usoni.

Nikamwambia, "Sasa mbona hukumweleza alipokuwa hapa? Mmekaa wote mchana kutwa!" Akasema, "Alikuwa anafanya kazi. Ningemsumbua."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kuwagombeza wote wawili, mmekaa kwenye gari moja mkaongea habari za grisi. Lakini alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu, sikuweza.

Halafu akanishika hapa kwenye kiwiko, akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Nikifa, msinizike mpaka mdogo wangu afike. Hata mvua ikinyesha. Hata watu wakisema. Atakuja, msubirini." Akanifanya niahidi, Mama akiwa anasikia.

Sasa ni mchana. Hospitali wamekubali kumhifadhi. Watu wamejaa uani, kwenye mabenchi na kwenye ngazi, wamekaa wananiangalia. Wakubwa wa mtaa wamekuja kuniuliza tunangoja nini. Nikawaambia tunamngoja mdogo wake. Wakasema yuko mbali, barabara yenyewe si nzuri, huenda hata hajapata habari. Tutangoja mpaka lini?

Nimewaambia mpaka afike.

Mwanao